Mlango Ambao Mama Aliuona

Mimi ni fundi wa mapazia, na ni fundi mzuri. Nalisema mapema nisije nikaonekana nalificha. Kibanda changu kiko ghorofa ya pili katikati ya jiji, nyuma ya maduka ya vitambaa ya mtaa wa Biashara. Kwa cherehani mbili na meza moja ya kukatia, nimevisha madirisha ya nusu ya Spring Valley. Haya, labda si nusu. Lakini nikienda kule kupima dirisha la mteja naweza kuonyesha kwa kidole: hili langu, lile langu, na lile pale si langu, na linajulikana.

Nyumbani kwangu Parklands mambo yalikuwa mengine. Ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili chini kabisa kwenye jengo la zamani, na kwa miaka kumi na minne madirisha yake yalivaa maua yaliyopauka ambayo hata mimi sikumbuki niliyatoa wapi. Sikuwa na haja ya kuyabadilisha. Wanangu wameshatoka, na mimi nilikuwa nikifika jioni, napika, nalala.

Kisha mama yangu akaanguka ngazini.

Alikuwa akiishi peke yake Mombasa, katika nyumba ya mji wa kale aliyoolewa humo na kutuzalia humo. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba na zenye kiza hata mchana. Macho yalikuwa yameanza kumfifia miaka mingi nyuma, naye akawa anatuficha. Kaka yangu yuko Uarabuni kikazi, kwa hiyo nani angemgundua? Safari hii aliteguka mkono tu na kuchubuka uso. Majirani walimkuta amekaa kwenye kidato cha tatu, akimngoja mtu apite bila kupiga kelele, kwa sababu kupiga kelele aliona ni aibu.

Nilimfuata. Alikubali kuja Nairobi kwa sharti moja, na alilisema mbele ya majirani ili nisije nikaligeuza. "Nakwenda kutazamwa macho. Nafunga Ramadhani kwako, twasali Idd, Idd ikipita wanirejesha kwangu."

Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini? Mama yangu si mtu wa kufungiwa ndani. Lakini nilizijua zile ngazi, na nilijua kwamba akirudi kuzipanda na kuzishuka peke yake, simu itakayofuata sitaweza kuipokea. Akishafika ningekuwa na mwezi mmoja na siku chache za kumfanya apaone kwangu kuwa kwake. Hakuna kitu nilichowahi kukitaka kama hicho.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilimwacha kwanza kwa binamu yake Mombasa wiki mbili, amalize dawa za mkono, nami nikarudi kuitengeneza nyumba.

Mteja wangu mmoja wa Spring Valley alikuwa ameyachoka mapazia yake ya kijivu. Niliyashona mwenyewe miaka mitatu nyuma, kitambaa kizito kinachoanguka kama maji, na aliponiambia niyachukue nilijikaza nisimkumbatie. Nikayapunguza yakaingia kwenye madirisha yangu. Jumapili nikamwita dada tunayefanya naye kazi, msichana wa Kinoo mwenye mdomo na mikono mizuri, tukapaka kuta zote rangi nyeupe, na milango, na fremu za milango. Nikavitoa vile vitambaa vya kufuma vilivyokuwa vikikaa migongoni mwa viti. Nikatandika kitanda cha mama mashuka meupe na blanketi la kijivu kilichoiva. Zulia jeupe. Vikombe vyeupe, vya mnada, karibu bure. Gharama ya yote haikufika ya pazia moja la Spring Valley, na nyumba ilikuwa imepoa, pana, tulivu, kama zile ninazoingia na mkanda wa kupimia shingoni nikivua viatu mlangoni.

Yule wa Kinoo alisimama katikati ya sebule na brashi mkononi. "Mathe," akasema, "hii keja imeiva. Ukiiweka kwa status watu watasema umehama."

Niliiweka. Nilisifiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia.

Mama akaja na begi moja, la kahawia, lenye zipu. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamsimamisha pale pale penye uzuri wote, nikangoja. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Kuzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote: "Rangi hii ni ya mwanzo, mwanangu, au ndiyo yenyewe?"

Nilicheka. Ndani sikucheka.

Siku zilizofuata zilinichosha roho. Tulikwenda kliniki ya macho, tukaambiwa kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitunzwe kwa dawa za matone. Nyumbani mama alitembea na kiganja ukutani, akiupapasa, na mara kwa mara akaupita mlango wa choo akarudi tena. Siku moja akaweka kikombe cha maziwa pembeni mwa meza, si juu ya meza, na maziwa yakaenda zuliani. Aliomba msamaha kama mgeni. Hilo liliniuma kuliko zulia. Mama aliyenichapa mimi kwa kumwaga maziwa ananiomba mimi msamaha!

Polepole akaacha kutembea. Nikitoka kazini namkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, redio masikioni, pale pale nilipomwacha asubuhi. Na begi liko miguuni pake, zipu imefungwa. Akitaka dera analitoa, anafunga zipu. Akilivua linafuliwa, linakunjwa, linarudi ndani, anafunga zipu. Nilimtolea kabati zima. Hakikuingia hata kitana.

Nilikasirika, nakiri. Jioni moja baada ya kufuturu nilimwambia, "Mama, watu wananilipa niwatengenezee nyumba kama hii."

"Najua, mwanangu. Ni kuzuri sana. Ni kuzuri kama hospitali."

Nikaosha vyombo kwa nguvu mpaka kikombe kimoja kikavunjika mpini.

Lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, nilitoka kazini mapema siku moja nikapike sambusa anazozipenda. Nilikuta mlango wangu uko wazi na chumba cha mama kitupu. Redio inasema peke yake. Begi lipo, mama hayupo. Nilichungulia jikoni, chooni, nikarudi chumbani nikainama kutazama hata mvunguni, mtu mzima na akili zangu. Nilitoka mbio kwenye ukumbi wa jengo nikiita, na sauti iliyotoka si niliyokuwa naijua.

"Usiogope! Mama iko hapa na mimi!"

Alikuwa jirani wa mlango wa mwisho, mwalimu mstaafu, Mhindi wa hapa hapa Parklands, aliyezaliwa mtaa wa pili na kufundisha hesabu watoto wa mtaa mzima. Sote twamwita Mwalimu. Tumekaa ukumbi mmoja miaka yote hiyo, tukisalimiana na kupeana vyakula vya sikukuu, basi. Mama alikuwa kwenye kiti cha Mwalimu, mikono mapajani, amestarehe kama yuko barazani kwake.

"Yeye alitoka kidogo kunyoosha mguu," Mwalimu akanieleza. "Kurudi, akafungua mlango yangu kama ni yake. Mimi nikasema, karibu tu. Nilitaka kupika chai, akasema amefunga. Basi tumeongea."

Nilimshika mama bega. "Mama, umeupitaje mlango wetu? Ni wa kwanza kabisa!"

"Huu nauona," akasema.

Nikageuka nikautazama mlango wa Mwalimu. Juu ya fremu alikuwa ametundika mkufu wa maua ya kitambaa, ya chungwa na manjano, kama wanavyotundika watu wa dini yake milangoni mwao. Kizingitini palikuwa na mchoro wa unga mwekundu. Nilikuwa nimeupita mlango huo kila siku bila kuutazama.

"Na wetu?"

"Wako?" Mama akafikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo ili asinivunje moyo. "Wako sijauona tangu nije."

Nilimrudisha nyumbani, nikamkalisha, nikaingia chumbani kwangu. Kwenye mfuko wangu wa kazi palikuwa na kipande cha neti, ile nyembamba inayoning'inia nyuma ya pazia. Nilikikunja mara nne, nikakifunga usoni, nikatoka kutembea ndani ya nyumba yangu.

Sikuona mlango. Palikuwa na ukuta, na ukuta, na ukuta. Kochi lilikuwa limeingia sakafuni na zulia limepanda kochini. Meza haikuwa na mwisho. Kikombe nilichokiacha juu yake mwenyewe sikukiona mpaka nilipokigonga. Katika nyumba nzima niliona kitu kimoja tu: ndoo nyekundu ya plastiki kule bafuni, niliyokuwa nikiionea haya na kuificha nyuma ya mlango wageni wakija.

Niliivua ile neti nikakaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea, nikalia. Fundi mzima! Ninapoingia kwa mteja swali langu la kwanza ni hili: nani anakaa chumba hiki, na anakitumiaje? Hata watu ninaowashonea mapazia ya vyumba vya mbwa huwauliza. Mama yangu sikumwuliza. Nilimtengenezea nyumba ya watu wa Spring Valley, kisha nikamnunia kwa kuwa hakunipigia makofi.

Asubuhi yake nilikaa naye ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mlango wa kwako Mombasa ni rangi gani?"

"Kijani. Hukumbuki? Uliupaka wewe, msichana mdogo. Ukanichafulia buibui."

"Na kitanda kimekaaje?"

Akaanza kunieleza, na mikono yake ikawa inachora hewani. Kichwa upande huu. Mlango mkono wa kushoto. Dirisha mbele, asubuhi jua lamgusa miguu kwanza. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu aje. Na nikamwambia: "Mama, nimekosa. Sikukuuliza."

"Ulitaka kuninunulia uzuri," akasema. "Si kosa kubwa."

Zilibaki siku nane kufika Idd. Sisi watu wa Pwani, hata tukae Nairobi miaka mia, hatuijui Idd bila mapazia mapya. Mtu atavaa kanzu ya mwaka jana, lakini dirisha lazima livae mpya. Mama ndiye aliyenifunza kushona, na enzi zake kila mwisho wa Ramadhani cherehani yake ya mkono ilikuwa hailali, akiwashonea majirani wa kichochoro kizima. Kwa hiyo nilijua nianzie wapi.

Nilinunua makopo madogo ya rangi, yale yanayouzwa kwa mafundi wa mageti. Kijani kwa mlango wa mbele, ndani na nje. Mwenye nyumba alinikubalia kwa simu, akicheka. Fremu ya choo nyekundu, ya jikoni samawati iliyoiva. Kitanda cha mama nikakigeuza kikae kama cha Mombasa. Kibandani nikamwaga gunia la vipande vya vitambaa lililokuwa likinichukulia nafasi, nikachagua vyote vinavyong'ara. Makochi yakapata mito ya manjano, yote yenye pindo jeusi. Meza ikapata utepe mwekundu ukingoni, kote, ili ijulikane inakoishia. Vikombe vyeupe vikawa vya kahawa, na vya buluu nilivyonunua vikawa vya maziwa, ili kinywaji kionekane ndani yake. Zulia nikampa Mwalimu, naye akalifurahia.

Yule msichana wa Kinoo alipokuja kunisaidia alisimama mlangoni akashika kichwa. "Mathe, wacha. Unaharibu. Nyekundu na manjano na hiyo green, zote pamoja? Hii ni nyumba ama ni bendera?"

Nilimfunga ile neti usoni nikamsukuma ndani. Alitembea hatua kama kumi, akafika fremu nyekundu, akaigusa. Akaivua neti akanirudishia.

"Nipee brashi," akasema.

Kazi ninayojivunia zaidi haionekani kwenye picha. Nilichukua mkanda mgumu ule tunaoshonea vichwa vya mapazia, nikauvisha kitambaa cheusi, nikaupigilia ukutani usawa wa kiwiko cha mama, kutoka kitandani kwake mpaka mlango wa mbele. Karibu na choo niliufunga fundo moja. Karibu na jikoni, mafundo mawili. Mlango wa mbele, matatu. Mama aliufuata kwa vidole mara ya kwanza polepole, akihesabu. Mara ya pili kwa kasi zaidi. Mara ya tatu alinipita njiani akaniambia nisogee.

Mapazia tuliyashona pamoja. Kitambaa kilikuwa pamba ya bei nafuu, rangi ya chungwa, na yale ya kijivu ya Spring Valley sikuyatupa, niliyageuza bitana, ndiyo maana yanaanguka vizuri mpaka leo. Mama alikaa kwenye kiti chake akipachika vikulabu kwa kupapasa tu, kimoja baada ya kingine, vyote kwa nafasi sawa. Alipomaliza akapitisha kidole kwenye pindo nililolishona.

"Hapa ulikuwa na haraka."

Nikaangalia. Palikuwa pamekwenda upogo, unene wa punje ya mchele. Mteja yeyote wa Spring Valley asingeliona hata kwa miwani. Nikalifumua.

Siku ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, tulivua mashuka ya kusitiri, madirisha yakabaki matupu, kama inavyotakiwa mkesha wa Idd. Nikapanda kwenye kiti, nikatundika mapya, nikafukiza udi. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na leso yake mabegani. Sikumwambia lolote. Yeye mwenyewe aliinyoosha mikono yote miwili, mmoja huku, mmoja kule.

"Dirisha lile," akasema. "Na lile."

Yalikuwa pale pale. Nilibaki juu ya kile kiti kama mjinga, nimeshika pazia, machozi yananishuka, na nilijivuna. Nimevisha nyumba kubwa kubwa, lakini sijapata kujivuna vile.

Idd ilipofika wageni walianza saa nne. Jamaa zetu wa Pwani walioko Nairobi, wake kwa waume. Mlango uligongwa nikiwa jikoni mikono imejaa unga wa kaimati, nikasema nakuja, lakini mama alishainuka. Nilimsikia akipita na mkanda wake. Fundo moja, mawili, matatu. Akafungua mwenyewe, akasema, "Karibuni, Idd Mubarak, huu ndio mlango wetu. Ni wa kijani, mwanangu kaupaka." Alisema hivyo kwa kila aliyeingia, hata kwa Mwalimu aliyekuja na sahani ya ladu tamu, na ambaye aliuona mlango ukipakwa.

Bibi mmoja mwenye nyumba kubwa na kucha ndefu alizungusha macho, akasema kwa tabasamu, "Rangi hizi zapiga kelele kidogo, au siyo?"

"Naam," mama akamjibu, akimmiminia kahawa kwenye kikombe cheupe bila kumwaga tone. "Nazo zanifaa hivyo hivyo."

Wageni walipokwisha, kabla ya magharibi, niliingia chumbani kwake. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo la kusema tangu asubuhi. Ahadi ni ahadi, na aliichukua mbele ya mashahidi.

"Mama. Ulisema Idd ikipita nikurejeshe. Niambie siku, nikakate tiketi."

Alikuwa amekaa kitandani, kichwa upande aliouzoea, mlango mkono wa kushoto. Alinyoosha mguu akalisukuma lile begi la kahawia.

"Kwanza niondolee hili," akasema. "Lanikwaza njiani. Liweke juu ya kabati."

Niliinama kulinyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anyanyuavyo kitu kizito, nikayumba nalo. Halikuwa na kitu ndani. Nikafungua kabati. Madera yake yalikuwa yamepangwa humo yote, yamekunjwa, na kitana kiko juu.

Nililipandisha begi pale juu, nikachelewa makusudi kugeuka, asinione uso, ingawa asingeuona. Alikuwa ameshainuka na ameshika mkanda, anakwenda zake sebuleni. Sauti yake ikanifikia kutoka penye mafundo mawili.

"Na Idd Kubwa tutatia rangi gani?"

"Chagua wewe, mama."

"Kijani," akasema. "Na usikikate kitambaa kabla sijakishika."